Chungu cha Akina Breuer

Asubuhi ya Jumanne, Gergő Vadas alipofika kuchukua chungu, Bibi Etelka Lőwy alikuwa ameanika soksi juu ya mfuniko wake. Alizitoa, akazipapasa kuona kama zimekauka, akazitia mfukoni mwa aproni. Gergő alikuwa kijana wa halmashauri ya mji, mpole, aliyepewa kazi ya kuligeuza sinagogi la zamani kuwa jumba la makumbusho. Alivaa glavu nyeupe za pamba, akakishika chungu kwa mikono miwili kama alivyofundishwa, akakiachia papo hapo.

"Nilikuambia kina moto," Bibi Etelka alisema.

"Nilidhani kitakuwa kimepoa kidogo, Bibi. Miaka yote hii."

"Kingepoa ningekupigia simu?"

Gergő alipuliza vidole, akaomba matambara ya jikoni.

Zamani, kila Ijumaa alasiri, wanawake wa Kiyahudi wa mji huu walipeleka vyungu vyao kwa mwokaji mikate, kwa kuwa siku ya Sabato moto hauwashwi. Ndani walitia maharage, shayiri, vitunguu, paja la bata bukini na mayai pamoja na maganda yake. Sikioni mwa kila chungu kulifungwa kitambaa ili kijulikane ni cha nani, kisha vyungu vyote vililala tanurini mpaka Jumamosi adhuhuri. Cha akina Lőwy kilikuwa na kitambaa chekundu. Cha akina Breuer kilikuwa na kitambaa cha kijani chenye madoadoa meupe, alichokichana Mama Breuer kwenye pindo la gauni lake mwenyewe, gauni ambalo wanawake wenzake walikuwa wamelionea wivu kwa muda mrefu. Kubeba chungu cha jirani kwa bahati mbaya lilikuwa kosa la kila siku, na dawa yake ilijulikana: hufungui, huonji, unakirudisha.

Jumamosi moja ya Juni, mwaka arobaini na nne, wakati wa vita, askari wenye manyoya ya jogoo kofiani waliingia kwa mwokaji kabla ya adhuhuri, wakaamuru tanuri litolewe kila kitu. Vyungu vikatolewa mbiombio, kila mtu akakamata kilichomfikia. Mama yake Etelka alifika nyumbani ndipo akakiona kitambaa cha kijani. Alikiweka chungu mezani, na familia nzima ikakaa kukizunguka na njaa yake. Etelka alikuwa na miaka kumi na mitatu.

"Mama, kijiko kimoja tu. Nani atajua?"

"Thubutu! Cha mtu ni cha mtu."

Jioni ile walifukuzwa majumbani, wakakusanywa katika kiwanda cha matofali nje ya mji. Mama aliacha kila kitu, na chungu pia. Lakini huko kiwandani, katika matope na vilio vya watoto, alimtafuta Mama Breuer mpaka akampata, kwa sababu jambo lile lilimkera.

"Chungu chako kimebaki kwangu, dada. Hatujakigusa, haki ya Mungu."

"Na chako kimebaki kwangu. Wanangu walitaka kukivamia, nikawapiga vikofi vya mikononi." Mama Breuer alicheka, kwani hata pale alikuwa mtu wa kucheka. "Hakuna neno. Jumamosi ijayo tutabadilishana."

"Haya. Jumamosi ijayo."

Treni iliwachukua siku ya Alhamisi. Wanawake wote wawili waliuawa kwa gesi siku ile ile waliyofika kambini, na watoto wa Mama Breuer pamoja nao.

Etelka alirudi mwaka uliofuata, peke yake, mifupa mitupu. Mlango wa nyumba yao ulifunguliwa na Mama Juhász, aliyekuwa jirani wa upande wa pili wa barabara na sasa alikuwa mwenye nyumba. Ukutani nyuma yake saa ya baba yake Etelka ilikuwa ikitembea vizuri.

"Umerudi," Mama Juhász alisema. "Naona mmerudi wengi kuliko mlioondoka."

Etelka aligeuka kutazama nyuma yake. Hapakuwa na mtu.

"Saa ile ni ya baba," alisema.

"Una karatasi?"

"Karatasi ya nini?"

"Ya kuonyesha kwamba ni yenu, mwanangu. Mtu haingii tu nyumbani kwa watu akaanza kunyooshea vitu kidole." Hakuwa na ukali wowote. Aliingia jikoni, akatoka na chungu, amekishika kwa aproni. "Hiki chukua, hakihitaji karatasi. Kimeshaniunguzia vitambaa viwili vya meza, na kupoa hakipoi."

Hivyo ndivyo Etelka alivyopata urithi wake, na haukuwa wake. Alipanga chumba mtaa wa pili. Wenzake wachache walionusurika walikwenda Haifa, wengine Amerika, wakamwandikia aje. Hakwenda. Ahadi ni deni, na mama yake alikuwa ameahidi. Angebadilishanaje vyungu akiwa Haifa? Kila Jumamosi adhuhuri aliacha mlango wazi, akasubiri Breuer yeyote, hai au maiti. Maiti hupita mjini mara mojamoja, na watu huwapisha njia. Baba yake mwenyewe alipita mwaka hamsini na moja. Alisimama kwenye dirisha la akina Juhász mpaka saa ilipogonga, akailinganisha na ile ya mfukoni, akaenda zake.

Sasa moyo wa Bibi Etelka ulikuwa umechoka, na daktari hakumficha. Hofu ilimwingia, hofu asiyoijua tangu ujana. Akifa, mwenye chumba atakitupa chungu jalalani, na Mama Breuer akija atamkuta nani? Ndipo akampigia simu Gergő. Alitoa masharti matatu: kiandikwe jina la Breuer, kisifunguliwe, na Jumamosi adhuhuri mlango wa jumba uwe wazi.

"Hata tukikifungua kidogo tu, Bibi? Kwa ajili ya kumbukumbu, tujue kuna nini ndani."

"Kuna maharage. Na si yako."

Jumba lilifunguliwa mwezi wa Septemba. Chungu kilikaa ndani ya kioo, na kioo kilitoka jasho, kwa hiyo Gergő alitoboa matundu juu, na harufu ya bata bukini ikajaa sinagogi zima. Mlangoni aliwekwa Bözsi Juhász, binti wa yule Mama Juhász, mjane wa miaka sabini na tano. Ukutani ilitundikwa saa. Chini yake palisomeka: "Imetunzwa kwa upendo na familia ya Juhász."

Bibi Etelka aliyasoma maneno hayo, akayarudia, akamwita Gergő. Kijana aliiva uso.

"Naelewa, Bibi. Lakini yeye ndiye aliyeileta."

"Baba yangu ndiye aliyeinunua."

"Naelewa," Gergő alisema tena, na kweli alielewa, na maneno yakabaki pale pale.

Tangu hapo kila Jumamosi Bibi Etelka alikaa kwenye kiti kando ya chungu, chini ya saa ya baba yake. Bözsi alimletea kahawa. Walikuwa wamezeeka mitaa jirani, na mtu hawezi kumnunia jirani miaka sabini, midomo inachoka.

"Subira yavuta heri, Etelka."

"Basi heri yangu inavutwa na konokono."

"Si ulale tu nyumbani? Akija nitamwona."

"Ukimwona, usimwachie aondoke. Sikia, Bözsi. Mpe chungu, mpe na kiti, mpe chochote. Ila asiondoke."

"Haya, haya. Mimi si mtoto."

Jumamosi ya pili ya Novemba moyo ulimwangusha akivaa viatu, akapelekwa hospitali. Siku nzima aliwasumbua wauguzi akiwaomba koti lake. Kesho yake daktari alimruhusu kwa sababu hapakuwa tena na la kufanya. Alizungumzia siku, hakuzungumzia wiki. Bibi Etelka hakwenda nyumbani. Alikwenda moja kwa moja sinagogini, akishika kuta.

"Jana alikuja mtu?"

"Wachache," Bözsi alisema, akimvutia kiti. "Wajerumani wawili na baiskeli zao. Na mwanamke mmoja mwenye chungu."

Bibi Etelka aliegemea kioo. "Chungu gani?"

"Kama hiki hiki, ila kitambaa chekundu. Kilikuwa kinamuunguza masikini, amekishikia kwenye gauni. Gauni la kijani la madoadoa, pindo limechanika. Akasema amekuja kubadilisha. Nikamwambia, mama, hapa si sokoni. Akasema hicho cha kwenye kioo ni chake."

"Ukampa."

"Nimpeje? Nilimuuliza kama ana karatasi."

"Bözsi."

"Hakuwa nayo! Mtu haingii tu akaanza kunyooshea vitu kidole, Etelka, na wewe unajua. Wala sikumfokea, niliongea naye vizuri kabisa. Hata mwenyewe alicheka. Akasema hakuna neno, Jumamosi ijayo."

Bibi Etelka alilia. Alilia kwa sauti, mdomo wazi, yeye ambaye mji huu haukuwahi kumsikia akilia, si kwa mama yake wala kwa baba yake. Bözsi alimletea maji, maana hakuwa mtu mbaya. Kisha, kwa kuwa saa ya kufanya hivyo ilikuwa imefika, alipanda kigodani akaitia saa ufunguo, taratibu, kama mama yake alivyomfundisha.

Bibi Etelka alijipangusa uso kwa soksi iliyokuwa mfukoni mwa koti. Aliushika mgongo wa kiti, akakiburuta mpaka mlangoni, akakaa akitazama barabara. Nyuma yake chungu kiliendelea kuchemka polepole.

Ilikuwa Jumapili.