Nukta na Zamu za Mjomba

Ofisini kwao, programu haiendi kwa wateja mpaka mtu wa pili aisome na kuipitisha. Sheria nzuri, nani ataipinga? Balaa lilikuwa huyo mtu wa pili. Walimbatiza jina la Nukta, maana kwenye kazi ya mwenzake yeye aliona nukta na nafasi tu.

Dada mmoja mwandishi wa programu alikuwa amerekebisha mfumo wa miadi ya kliniki. Kabla ya hapo, wagonjwa waliobadilishiwa siku bado walitumiwa ujumbe wa siku ya zamani. Mjomba wake, anayesafishwa damu kwa mashine, alifika wiki iliyopita akakuta zamu yake imeshapita, akarudi nyumbani miguu imemvimba. Jumatatu dada alimaliza kazi. Nukta akairudisha: jina hili refu mno. Akalifupisha. Ikarudi: sasa halieleweki. Akalirefusha. Ikarudi tena, eti mstari una nafasi ya ziada. Jamani, mtu kavimba miguu, wewe unahesabu nafasi?

Alhamisi uvumilivu ukamwisha. Akabeba kompyuta mpaka mezani kwa Nukta, akavuta kiti, akamwambia haondoki mtu hapo mpaka amweleze kwa mdomo wake programu inafanya nini. Nukta akaanza kwa mbwembwe, akakwama mstari wa pili, akaona haya. Kumbe siku zote hizo hakuwa amesoma, alikuwa anapapasa juu juu tu. Dada akakunja mikono, kanuna. Liwalo na liwe.

Basi Nukta akasoma kweli, polepole, kidole kwenye kioo. Katikati akasimama.

"Hapa zamu mpya ikiingia, ya zamani inafutwa," alisema. "Na mwenye zamu mbili kwa wiki je?"

Dada akausoma tena mstari ule. Mjomba anakwenda Jumanne na Ijumaa. Angebakiwa na ya Ijumaa, ya Jumanne ingepotea, na aliyeipoteza angekuwa yeye, mpwa wake wa damu. Alitaka kushukuru, lakini hasira ilikuwa haijamwisha, na nusu yake sasa ilikuwa ya kujikasirikia mwenyewe.

Nukta akamsogezea kompyuta, akasema watengeneze pamoja, sasa hivi.

"Sawa," alisema dada. "Lakini swali hilo, kaka, ungeniuliza Jumatatu."