Glavu za Wageni

Wenzake walimbandika jina la Koleo, maana hakuna aliyemfikia kwa kung'oa pini zenye dhahabu kwenye kompyuta mbovu na simu zilizokufa. Miaka sita alizitumbukiza pini hizo kwenye pipa la tindikali ili dhahabu ijitenge, mikono mitupu, kitambaa puani, katika kibanda cha shemeji yake, mdogo wa marehemu mumewe. Kucha zilishageuka njano. Kikohozi alikizoea kama mtu wa nyumbani.

Asubuhi moja shemeji aliingia mbio na maboksi.

"Vaeni haraka! Wageni wako njiani."

Glavu nene, barakoa, miwani. Kwa mara ya kwanza Koleo alifunua pipa macho yasimwashe. Alifurahi mpaka akajionea haya.

Wageni kutoka shirika la wafadhili walikuja, wakapiga picha, wakammiminia shemeji sifa kwa kuwajali kina mama, wakaenda zao. Hata vumbi la gari lao halijatua, shemeji akapita na boksi tupu.

"Rudisheni. Zitachakaa bure."

Wanawake wakaanza kuvua. Koleo hakuvua.

"Zangu hazitoki, shemeji."

"Usinivunjie heshima mbele ya watu. Sisi si familia?"

"Familia!" Koleo akafunua pipa, moshi wa kahawia ukapanda. "Haya, tia mkono wako humu. Mtupu, kama wangu. Kidole kimoja tu!"

Shemeji aliruka nyuma, kisigino kikakanyaga rundo la redio, akaanguka kitako. Mmoja wa wanawake akaangua kicheko, lakini Koleo hakucheka.

"Kumbe unajua inaunguza," alisema. "Miaka yote hii unajua."

"Toka! Huna kazi hapa!"

Alitoka, glavu mkononi. Nyuma yake aliwasikia wenzake wakivaa tena zao, bila kuomba ruhusa ya mtu.

Alikwenda moja kwa moja ofisi ya afya. Karani akamwambia alete barua ya mwajiri wake. Koleo nusura apasuke kwa hasira. Kesho yake alirudi, na keshokutwa, hadi mara ya tano mkaguzi alipochoka kumwona na kwenda mwenyewe kibandani. Pipa likahamishiwa uani, penye hewa. Glavu zikabaki kwa wanawake wenyewe.

Kazi hakurudishiwa. Akikutana na shemeji njiani humsalimu, maana shemeji ni shemeji, lakini hasimami.