Kiraka cha Boriti ya Saba

Injinia alishuka chini ya daraja na kamera yake ya leza, akaipitisha taratibu kwenye kila boriti. Daraja zima likatokea kwenye kompyuta, hadi vishimo vya kutu.

"Ya saba ni nzima," alisema. "Tunaanza na ya tatu."

Cheche, fundi wa kuchomelea aliyebakiza miezi minne astaafu, aliendelea kukunja nyaya zake. Boriti ya saba ilikuwa na kiraka alichokichomelea mwenyewe miaka ishirini na sita iliyopita. Mkubwa wake wa wakati ule alitaka magari yapite siku ileile, basi Cheche akakipachika juu ya kutu bila kuikwangua. Rangi ikaficha yaliyobaki.

Mchana akampigia mkewe. "Mama watoto, nikisema watanitimua."

"Na usiposema? Mimi hapo napita kila asubuhi, na wajukuu zako. Sema, baba. Aibu haiui mtu."

Alimkuta injinia amekalia ndoo, anakunywa chai.

"Mwanangu, mashine yako inaona uso tu. Ya saba imeoza nyuma ya kiraka. Najua, kwa sababu niliificha mimi."

Injinia akaweka kikombe chini. "Nionyeshe."

Wakakikata kiraka. Kutu ikamwagika kama pumba. Chuma kilichokuwa kinene kama kidole gumba kilibaki chembamba kama mfuniko wa sufuria. Injinia akasimamisha malori papo hapo.

"Mzee, ungekaa kimya mpaka ustaafu, nani angejua?"

"Nimekaa kimya miaka ishirini na sita, mwanangu. Imenichosha."

Barua ya onyo ilikuja kweli. Cheche akaisoma mara mbili, akaikunja. Lakini injinia hakumwondoa kazini. Walikwangua boriti hadi ikang'aa, kisha ikaletwa mashine inayorusha unga wa chuma kwa kasi mpaka unashikamana, tabaka juu ya tabaka. Injinia akampa Cheche bomba la mashine.

"Shika wewe. Mkono wangu haujatulia kama wako."

"Chuma bila moto?" Cheche alicheka. "Basi mnibadilishe jina."

Siku tatu walijaza na kupima, wakajaza tena. Malori yaliporuhusiwa kupita, Cheche aliomba kalamu. Akaandika madaraja mengine mawili aliyowahi kuyatia viraka, na boriti zenyewe, akampa injinia karatasi.

Injinia akaisoma, akafungua mlango wa gari. "Panda, mzee. Tuanze na lililo karibu."