Shavu Si Kitambaa

Kinyozi alianguka kutoka juu ya stuli akibadilisha taa ya duka lake, akavunjika mkono wa kulia. Daktari akaufunga plasta kuanzia vidoleni hadi kiwikoni. Kama angevunjika mguu, watu wangempa pole. Kwa kuwa ulikuwa mkono, walimpa pole kisha wakamcheka: "Kweli kinyozi hajinyoi!"

Mashine ya umeme mkewe aliimudu upesi. Lakini wateja walioliweka duka lile mjini walikuja kwa ajili ya wembe, ule wa mpini wa kukunja, unaopachikwa nusu ya wembe wa kawaida. Na ng'ambo ya barabara alikuwa amefungua duka kinyozi mwingine, mwenye viti vya kuzunguka na wembe kama ule ule. Mteja akishavuka barabara mara moja na akaridhika, ndiyo ametoka.

Basi mke, ambaye kazi yake ni ufundi cherehani, akaifunika cherehani yake na kwenda kujifunza. Shavu la kujifunzia lilikuwa la mumewe mwenyewe.

"Laza wembe," kinyozi alisema kutoka ndani ya povu.

Akalaza.

"Umelaza mno. Inua."

Akainua.

"Unataka kunichinja? Laza!"

"Baba watoto, nilaze kiasi gani?"

"Kiasi chake."

"Kiasi chake ndiyo kiasi gani?"

"Mkono utakuambia."

Mkono haukumwambia kitu. Yeye alikuwa mtu wa tepu na chaki. Kwake inchi ni inchi, uwe umelala vizuri au vibaya. Mumewe alikuwa amenyoa miaka nenda miaka rudi bila kujiuliza anafanyaje, na sasa kila alipoulizwa alijibu kama mtu anayepapasa funguo gizani.

Kibaya zaidi ni kichwa. Kila baada ya muda kidogo kinyozi alijikuta anatazama ukuta, shingo imepinda, sikio limekaribia bega.

"Mbona unanisukuma?"

"Sikusukumi."

"Unanisukuma! Wembe umeushikilia hapo hapo, halafu unaniletea shavu!"

Mke akasimama, akatazama mikono yake, akaona ni kweli. Kwenye cherehani sindano haiendi popote. Kitambaa ndicho kinachopelekwa. Kwa miaka yote mkono wake wa kushoto ulikuwa umesukuma nguo kuelekea kwenye ncha kali, na sasa ulikuwa unasukuma uso wa mumewe bila kumwomba ruhusa mtu.

"Mimi si suruali," kinyozi alisema, akijipaka shabu kidevuni ili damu ikatike.

"Suruali haipigi kelele."

Kinyozi akamletea pulizo, akalipaka povu. Vinyozi wengi wamejifunzia hapo, alisema. Likipasuka ujue umekosea. Lilipasuka. Povu liliruka hadi kwenye sare za shule ambazo mke alikuwa amezileta azipige pasi wakikosekana wateja. Akachukua lingine. Nalo likapasuka. La tatu alilipasua mwenyewe kwa pini, kwa hasira, akaenda kufua sare.

Alikuwa bado anazikamua mwenye gereji alipoingia. Mtaa mzima ulimwita Spana. Alikuwa rafiki wa kinyozi tangu ujana, ndevu zake ngumu kama brashi ya viatu.

"Shemeji, nimesikia wewe ndiye bosi siku hizi."

"Karibu, shemeji. Kaa."

"Nina harusi ya mpwa wangu. Nikitoka hapa vibaya, nitakwenda kurekebishwa kule ng'ambo, usinilaumu."

Alisema kwa utani, lakini wote watatu walijua kule ng'ambo hakuna anayekwenda kurekebishwa tu.

Mke akamfunika shuka, akambandika taulo la moto, akapaka povu. Akaanza chini ya sikio. Mumewe alikuwa amesimama nyuma yake, karibu kiasi kwamba alizisikia pumzi zake shingoni.

"Laza," kinyozi alinong'ona.

Akalaza.

"Shemeji," Spana alisema, "unanipeleka wapi?" Uso wake ulikuwa umeelekea dirishani.

"Kichwa! Mama watoto, kichwa! Inua, inua, lazaaa!"

Mkono ukaruka. Juu ya povu jeupe pakatokea tone jekundu.

Mke akaukunja wembe. Akaweka shabu kwenye jeraha, akaibana kwa kidole. Kisha akamgeukia mumewe, bila kupandisha sauti.

"Toka."

"Nitoke wapi? Hili duka ni langu!"

"Ni lako. Toka nje yake."

Kinyozi akamtazama Spana. Spana akafumba macho, kama mtu ambaye hayumo. Kinyozi akatoka na plasta yake, na mke akafunga mlango kwa komeo.

Mke alisimama akaufikiria ule mkono wake wa kushoto. Kuukataza kusukuma kulishindikana. Ulihitaji kazi nyingine. Akakumbuka hariri. Hariri huisukumi, ukiisukuma inajikunja. Unaishika nyuma, unaikaza, halafu unaiacha itulie.

Akaweka vidole karibu na sikio la Spana, akaivuta ngozi kuelekea juu, akaikaza. Mkono wa kushoto ukapata shughuli na kutulia hapo. Sasa kitu pekee kilichoweza kwenda kilikuwa wembe. Ukashuka polepole, ukikwaruza kwa sauti ndogo. Alipoulaza mno, sauti ilipotea. Alipouinua mno, ilikuwa kali. Katikati palikuwa na mahali pake.

Kinyozi alibandika uso kwenye kioo cha dirisha. Midomo ilikuwa inasema kitu. Mke hakutazama midomo.

Ilichukua muda mrefu kuliko suruali. Spana alipojipapasa, kidole chake kilisimama chini ya taya, penye kijisitu cha ndevu.

"Na hapa?"

"Hapo pana kona. Sijafika, na leo sitafika. Nikijaribu nitakukata tena."

Spana akajitazama kwenye kioo, shavu hili, shavu lile, akashusha kidevu mpaka kijisitu kikajificha nyuma ya kola.

"Sawa. Nitainamisha kichwa harusini, waseme nina heshima." Akasimama. "Hicho kipande ni chako, shemeji. Nitakuletea wiki ijayo, kikiwa na wenzake."

Komeo lilipofunguliwa tu, kinyozi aliingiza kichwa.

"Chini ya taya umeacha! Nimeona! Umeacha!"

"Nimeacha," mke alisema, akikung'uta shuka.

Spana alimshika kinyozi bega lililo zima, akamgeuza taratibu.

"Twende, ndugu yangu," alisema. "Hebu nisindikize mpaka gereji. Tena usirudi haraka."