Bi Utando Ashangilia Mapema

Nyumbani walimwita Bi Utando, na jina hilo alijitafutia mwenyewe. Kila aliyemuuliza kazi yake alipewa somo zima: kwamba chembe ya mwili ina ngozi ya mafuta, kwamba ngozi hiyo ina protini zinazofunguka na kujifunga kama milango, na kwamba yeye hutandaza ngozi ya bandia, yaani utando, juu ya tundu dogo kwenye chipu ya plastiki, akapachika mlango mmoja, akausikiliza kwa umeme. Shemeji zake walishajifunza kutouliza.

Tabu ni kwamba utando haukumheshimu. Ulipasuka mtu akikohoa. Ulipasuka hata asipokohoa mtu. Miezi ikapita, na mwanamke aliyesoma mpaka akavaa miwani akabaki kuwa mtandaza mafuta tu.

Ndipo asubuhi moja mstari wa umeme kwenye kompyuta ukapanda ngazi, ukashuka, ukapanda tena, kama mlango unaofunguka na kujifunga. Bi Utando hakungoja. Alimwita mkuu wa maabara, akawaita wenzake, akampigia mama yake simu papo hapo. Mkono kiunoni, akawaeleza kwa madaha jinsi alivyoipachika protini kwa ustadi.

Watu walipotawanyika akaanza kusafisha meza. Kwenye ndoo ya barafu kulikuwa na kichupa cha protini, kizibo kimebana, kimejaa pomoni. Hakuwa ametia hata tone. Alichokishangilia ni utando mtupu uliokuwa ukivuja, ukielekea kupasuka.

Alifikiria kunyamaza, na wazo lilikuwa tamu. Kisha akajikokota hadi ofisini kwa mkuu.

"Ule mlango, mkuu. Sikuutia."

"Hukuutia wapi?"

"Popote. Uko kwenye barafu."

Mkuu akainamisha kichwa, mabega yakimtikisika kwa kicheko. "Basi tumeshajua utando mtupu unavuja vipi. Rudia, sasa na protini."

Simu ya mama ilikuwa ngumu zaidi. "Nimeshawaambia shangazi zako wote," mama alisema.

"Waambie nilikosea, mama."

"Mwanangu, hawakuelewa ulichopatia, wataelewaje ulichokosea?"

Akarudi mezani, akatandaza, akatia protini. Utando ukapasuka. Mlango wa kweli ulikuja kufunguka wiki iliyofuata. Ngazi zake zilikuwa fupi, wala hazikupendeza kama zile za uongo, ila zililingana kila mara. Bi Utando alizitazama mpaka chai yake ikapoa, asimwite mtu.