Maji Yanayorudi Kisimani

Eliakimu alikuwa fundi bomba tangu ujanani, na ubishi wake mtaa mzima wa Lisekese, pale Masasi, uliujua. Lakini mkewe, Yuster, aliposema joto la Masasi litammaliza kabla ya moyo wake mgonjwa, na kwamba Jumapili anarudi kwao Newala kwenye ubaridi, mzee hakubishana. Alichimba kisima cha pili. Daktari alitaka Yuster awe karibu na hospitali, na Eliakimu hakuwa tayari kumpoteza kwa sababu ya jua.

Mpango wenyewe ulikuwa rahisi. Pampu ivute maji baridi kisima cha kwanza, yapite kwenye rejeta ya gari iliyofungwa chumbani, feni ipulize nyuma yake, kisha maji yateremkie kisima cha pili na kurudi ardhini. Majirani walicheka wee! Ijumaa akawasha. Chumba kikapoa, majirani wakanyamaza, naye akaenda zake mjini anatembea kama bwana harusi.

Aliporudi alasiri, feni ilikuwa inapuliza moto. Pampu imezima, kisima cha kwanza kimekauka. Nyuma ya nyumba akakuta bomba la kurudishia limechomolewa. Ndoo, sufuria, madumu, hata karai la zege, vyote vimejaa pomoni. Yuster kakaa katikati yake, anahema.

"Mama Huruma! Umefanya nini?"

"Nimekinga maji, Baba Huruma. Yanamwagika shimoni mchana kutwa, nawe umeenda kutembea!"

Hasira zilimpanda, zikashuka zenyewe. Yuster alikulia Newala; utoto wake uliishia njia ya kufuata maji bondeni, ndoo kichwani, kabla hakujapambazuka. Mtu kama huyo ataonaje maji yakienda zake, akae amekunja mikono? Kosa lilikuwa la Eliakimu. Mtaa mzima aliueleza mpango wake, mkewe hakumweleza.

Akamshika mkono, wakasogea taratibu hadi kisima cha pili, akamimina ndoo moja. "Hayapotei. Yanazama chini, yanapoa, tunayavuta tena."

Yuster alisikiliza yakianguka. "Ungesema, baba."

Waliyarudisha yote kisimani, Yuster akichota kwa kikombe, maana ndoo alikatazwa na daktari. Kisha Eliakimu akalifunga tena bomba, akawasha pampu.

Jumapili walipotoka kanisani, Yuster hakuizungumzia safari ya Newala. Alijilaza chumbani, feni ikipuliza, na Eliakimu akakaa pembeni, anamwangalia kwa woga. Baadaye Yuster akasema, macho kayafumba:

"Baba Huruma, nifunike. Nasikia baridi."

Eliakimu akamfunika shuka hadi mabegani, kisha akatoka uani, akalia kwa furaha.