Masanduku Sita Yasiyo na Kioo

Denver Jantjies alianza kumshuku yule mwanamke dakika ile ile alipoingia gerejini. Sura yake haikuwa na neno. Alikuwa mtu wa heshima, nywele kazifunga nyuma, kadi ya kazini inaning'inia shingoni. Kilichomshtua Denver ni kwamba alipita mbele ya Koeksister bila hata kugeuza shingo.

Koeksister alikuwa chatu jike, mfupi mnene, aliyepewa jina la lile andazi tamu la kusuka kwa vile alivyopenda kujisokota. Makazi yake ndiyo yaliyokuwa tangazo la biashara nzima. Zamani lilikuwa kabati la televisheni la marehemu shangazi yake Denver. Denver aling'oa milango, akaweka vioo viwili vya kuteleza vilivyotoka kwenye bafu lililobomolewa mtaa wa pili, akaziba maungio kwa silikoni, akatoboa matundu ya hewa na kuyafunika kwa vichujio vya sinki. Chini ya sakafu alipitisha waya wa joto wenye kidhibiti. Dukani, sanduku la namna hiyo lingekula mshahara wa mwezi. Kila aliyeingia gerejini pale Gelvandale ama alipiga kelele, ama alibandika pua kwenye kioo. Huyu hakufanya lolote.

"Wewe ndiye Anko Denver wa masanduku?"

"Ndiye mimi. Karibu, dada."

"Naitwa Charmaine Lottering. Nafundisha shule ya msingi. Nataka masanduku sita."

"Ya nyoka gani?"

"Wa mahindi," alijibu haraka, kama mtoto aliyekariri. "Kwa ajili ya wanafunzi wangu. Wajifunze."

Nyoka wa mahindi ni yule mwekundu wa kutoka Amerika, hana sumu, na nusu ya vijana wa Gqeberha wanaofuga nyoka huanza naye. Hapo hapakuwa na ajabu. Ajabu ilikuwa kwenye karatasi aliyoitoa mkobani. Denver aliisoma mara mbili. Mbao pande zote. Kifuniko juu, chenye bawaba na mahali pa kufuli. Mpini wa kubebea. Matundu ya hewa ya nusu inchi. Waya wa joto usiwepo. Kioo kisiwepo.

"Dada, hao wanafunzi watajifunza nini humu? Ubao?"

"Mimi nimepewa mchoro tu." Akasita. "Yaani, nimeuchora hivyo mwenyewe."

"Na nyoka wa mahindi akikomaa anampita mtoto wa darasa la kwanza kwa urefu. Sanduku hili ni dogo kuliko la viatu vya mvua. Utamkunja kama shati?"

"Bado ni wadogo, Anko. We nitengenezee tu."

Akalipa yote papo hapo, wala hakuomba kupunguziwa. Pale mtaani mtu asiyeomba kupunguziwa ni mgeni au ni polisi, na Denver hakujua ni yupi kati yao aliyekuwa mbaya zaidi.

Jumatano Charmaine alirudi kuuliza kazi imefika wapi. Alhamisi asubuhi, kabla ya saa za shule, akarudi tena. Mara zote mbili Truida, mkewe Denver, alisimama kwenye mlango wa jikoni na kikombe cha chai, asinywe.

"Mwanamke anakuja mara tatu kwa wiki moja kutazama sanduku la nyoka," alisema gari lilipoondoka. "Mimi naona hatazami sanduku."

"Truida, acha hayo."

"Niache nini? Hata manukato alijipaka. Nani anajipaka manukato kwa ajili ya mbao?"

"Huyo dada hanitaki mimi. Ningefurahi kama angekuwa ananitaka mimi."

"Ati nini?"

"Sikiliza kwanza. Hakuna joto, hakuna kioo, kuna kufuli. Huyo nyoka si wa kutazamwa, mama. Ni wa kufichwa."

Akamweleza. Nje ya mji, kwenye vichaka vya ile ardhi ya chokaa, anaishi kifutu mdogo asiyezidi urefu wa rula, mwenye vishungi juu ya macho kama nyusi za mzee. Hapatikani pengine popote. Kumkamata bila kibali ni jela, na kwenye chama chao cha wafugaji wa nyoka watu walikuwa wakinong'ona kwamba kuna matajiri wa ng'ambo wanaomtaka kama wengine wanavyotaka almasi. Kifutu wa hivyo hahitaji waya wa joto. Hahitaji nafasi. Anahitaji sanduku dogo lenye kifuniko juu, ili mkono wako ubaki mbali na meno yake.

Truida aliweka kikombe chini. "Na chini ya kila sanduku unachoma herufi za jina lako."

"Ndiyo."

"Basi wakimkamata yeye, mlango watakaougonga ni huu."

Mchana huo Denver alikwenda kwa Anko Basil Februarie. Basil alikuwa na miaka sitini na minane, mwenyekiti wa chama tangu kilipoanzishwa, na ndiye aliyemfundisha Denver kazi yote baada ya kiwanda cha magari kumpunguza. Alimfundisha kukata mbao zilizotupwa, kupima joto kwa vipimajoto viwili badala ya kimoja, kulaza sanduku siku tatu ili harufu ya silikoni iishe kabla nyoka hajaingia. Alikuwa pia baba wa ubatizo wa Kayleen, binti yao. Kama kulikuwa na mtu wa kumwambia jambo hili, ni yeye.

Alimkuta barazani anaosha viatu vyake vya kazi kwa brashi. Denver akamsimulia kwamba kuna mwalimu anataka masanduku sita ya kufuli, hataki kioo, hataki joto, na anasema ni ya nyoka wa mahindi. Basil alimsikiliza bila kuinua uso.

"Tengeneza, mwanangu. Mteja hachunguzwi."

Denver alidhani hakusikia vizuri. Huyu ndiye aliyepiga meza kwa kiganja kila mkutano, miaka kumi na mitano, akisema hakuna kumuuzia mtu sanduku kabla hujamwona nyoka wake.

"Anko, wewe ndiye unayetukataza."

"Nawakataza watoto. Wewe ni mtu mzima, una familia. Matundu ya nusu inchi yanatosha kwa hewa, hatakufa mnyama humo. Fanya kazi yako, kula, lala."

Denver alikubali kwa kichwa. Alikuwa amefika getini aliposimama ghafla. Kuhusu matundu hakuwa amesema neno. Aligeuka kumtazama yule mzee, na sasa akaona alichokuwa anakitazama muda wote: maji yaliyokuwa yakitiririka kutoka kwenye viatu vile yalikuwa meupe, meupe ya chokaa. Na chumba cha uani, ambacho miaka yote kilifungwa kwa kipande cha waya, kilikuwa na kufuli jipya linalong'aa.

"Umesahau kitu?" Basil aliuliza.

"Hapana, Anko. Nisalimie nyumbani."

Siku mbili zile Denver alifanya kazi kama mgonjwa. Alikata, akapima, akakosea, akakata tena. Alijiambia kwamba nusu inchi ni kipimo cha kawaida tu, na chokaa iko kila mahali, na mzee ana haki ya kununua kufuli. Halafu akajiambia kwamba anajidanganya. Aliyakumbuka mambo ya nyuma na kuyapekua moja moja, ile safari ya Basil ya mwezi wa pili ambayo hakueleza alikwenda wapi, yule mgeni aliyehudhuria mkutano mmoja akapiga picha nyingi, asionekane tena. Kila alichogusa kilikuwa na doa. Lililomuuma zaidi ni kuwa hakujua kama doa hilo lilikuwepo siku zote au amelileta yeye.

Jumamosi Charmaine alikuja na pikapu ya kuazima. Denver akapakia masanduku matano. La sita akalishika mkononi, akasema kwa sauti ya kawaida kabisa:

"Mwambie Anko Basil matundu nimetoboa nusu inchi, kama alivyotaka."

"Sawa, nitamwamb—"

Mlangoni, Truida alikohoa.

"Kwa hiyo ni yake," Denver alisema.

Charmaine aliketi kwenye ukingo wa pikapu. Machozi yalimlengalenga. "Ni mjomba wangu, ndugu wa mama. Aliniambia wewe na yeye mmegombana kidogo, ukijua ni yake utakataa. Aliniambia ni mijusi, niseme nyoka wa mahindi kwa kuwa kufuga mijusi kunahitaji kibali. Mimi nyoka nawaogopa, Anko. Huyo wako sikuthubutu hata kumtazama. Nilirudi rudi hapa kwa kuwa yeye alikuwa ananipigia simu kila siku, yako wapi, yako wapi."

Kama alisema kweli au la, Denver hakuweza kujua. Alimtazama mikono, alimtazama viatu. Viatu vilikuwa safi.

"Shuka. Masanduku yanabaki hapa. Na simu yako nipe, utaichukua kwa mke wangu nikirudi."

"Anko!"

"Nipe, dada. Sitaki habari zimfikie kabla yangu."

Basil alifungua mlango, akaona Denver yuko peke yake bila sanduku hata moja, akaelewa. Hakubisha. Alichukua ufunguo kwenye msumari, akampeleka uani. Chumbani kulikuwa na makopo ya aiskrimu yamepangwa juu ya rafu, vifuniko vimetobolewa kwa msumari wa moto. Denver alichungulia la kwanza. Kwenye mchanga, kajikunja kama sarafu, alikuwepo kifutu mdogo wa kijivu, nyusi zimesimama. Alitoa sauti ndogo ya kufoka, kama mtu anayepoza chai.

"Wako kumi na mmoja," Basil alisema. "Usinitazame hivyo. Ile ardhi imeuzwa, trekta zinaingia mwezi ujao. Watapondwa wote. Kuna mtu anayeweza kuwatunza, huko kwao ana vyumba maalumu, ana kila kitu. Ningewaacha wafe?"

"Ungewaita watu wa wanyamapori."

"Hao? Wataandika ripoti. Nyoka atakuwa chapati, ripoti bado inaandikwa."

"Na huyo mtu anawachukua bure?"

Basil alirudisha kifuniko juu ya kopo.

"Anko, anawachukua bure?"

"Nina miaka sitini na minane, Denver. Unajua pensheni yangu."

Denver alitamani kumwamini ile nusu ya kwanza. Hata sasa, pengine, alimwamini. Lakini wote wawili walijua kwamba mtu anayeokoa wanyama hamtumi mpwa wake kusema uongo, wala hatafuti masanduku yenye herufi za jina la mwenzake.

"Piga simu," alisema. "Sasa hivi, mbele yangu. Ukipiga wewe, utakuwa umejisalimisha. Nikipiga mimi, utakuwa umekamatwa."

"Utanifanyia hivi? Mimi niliyemshika Kayleen kwenye maji ya ubatizo?"

"Piga, Anko."

Walikaa jikoni. Basil akabonyeza namba, akaanza kuongea. Denver akanyoosha mkono, akaichukua ile simu, akatazama kama namba ni ya watu wa wanyamapori kweli, akawasha spika, akairudisha mezani. Baadaye ndicho kitendo alichokionea aibu kuliko vyote, ingawa hakujuta. Mzee alimtazama kama amepigwa kofi.

Maafisa walifika kabla ya saa nane, mwanamume na mwanamke, na glavu ndefu na koleo. Walifanya kazi bila kelele. Walihesabu kumi na mmoja, wakaandika kumi na mmoja, Basil akatia sahihi. Denver alipokuwa akiwasaidia kubeba makopo hadi garini, alihesabu makopo badala ya nyoka. Yalikuwa kumi na mawili. La mwisho lilikuwa na mchanga ulionyunyiziwa maji, bado haujakauka, na katikati ya mchanga alama ya kitu kilichojikunja.

"Hili je?" aliuliza.

"Alikufa," Basil alisema. "Wiki iliyopita. Nilimzika."

"Wapi?"

"Bustanini."

Afisa wa kike aliutazama mchanga mbichi, akamtazama Basil, akaandika kitu. Bustani ilichimbwa sehemu tatu. Hawakupata kitu. Basil akasema mbwa wa jirani labda alimfukua, na jirani kweli alikuwa na mbwa.

Mahakamani alipewa kifungo cha nje na kazi za jamii. Walisema kujisalimisha kulimsaidia, na Denver aliyasikia hayo akiwa ameketi nyuma kabisa, hajui kama ni haki kufurahi. Charmaine alitoa ushahidi na kurudi kufundisha. Yale masanduku sita Denver aliyapasua mwenyewe kwa nyundo, mbao akazipeleka kwenye jiko la nyama choma la jirani. Chama kilimwomba awe mwenyekiti. Alikataa. Alisema hana muda, lakini Truida alijua kwamba asingeweza kukaa kwenye kiti kile bila kuwatazama watu mikono na viatu.

Miezi saba baadaye alikutana na Basil kwenye duka la samaki na chipsi, wamesimama foleni moja. Mzee alikuwa amepungua, kola ya shati inamcheza shingoni.

"Denver."

"Anko."

"Kayleen hajambo?"

"Hajambo. Yuko darasa la saba sasa."

"Darasa la saba! Mwambie nampongeza."

"Nitamwambia."

Mafuta yalikuwa yakichemka nyuma ya kaunta. Denver alikuwa na swali moja, la nyoka wa kumi na mbili, na akageuka aulize. Basil tayari alikuwa anamtazama, uso mtulivu, kama mtu anayesubiri kuulizwa na ameshapanga jibu.

"Tisini na nne!" msichana wa kaunta aliita. "Tisini na nne, nani?"

"Mimi huyo," Basil alisema, akachukua samaki wake, akaenda zake.